Magugu ya Rashidi Yalikataa Kufa

Katika miaka yote ambayo Somoe Chande alipiga dawa ya magugu kwenye mashamba ya mpunga ya Mahurunga, haikupita wiki Idrisa asimtukane hadharani, na haikupita wiki yeye asifurahie kutukanwa. Idrisa ni Myao, Somoe ni Mmakonde, na hao ni watani. Mtani anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako. Anaweza kuja msibani kwako akalizuia jeneza njiani mpaka apewe chochote. Ukinuna, mwenye makosa ni wewe.

Basi kila asubuhi Somoe alipopita kwenye tuta kuu la bondeni, bomba mgongoni, mabuti miguuni na mtandio umefungwa kwa nguvu chini ya kofia, Idrisa aliacha kazi yake, akasimama katikati ya shamba na kupaza sauti ili hata watu wa ng'ambo, Msumbiji, wasikie.

"Mwizi huyo anapita! Ficheni kuku! Lile bomba lote ni maji ya Ruvuma, dawa yenyewe kashaivusha ng'ambo!"

"Na wewe Myao," Somoe alijibu bila kugeuza shingo, "shamba lako majani yamefika kiunoni. Juzi kiboko kaingia humo, mpaka leo anatafuta pa kutokea!"

Bonde zima lilicheka, na kazi ikaanza vizuri.

Kuhusu majani, Somoe hakutia chumvi sana. Idrisa hakuwahi kuruhusu tone la dawa kwenye shamba lake. Alisema kitu kinachoua jani kwa kulipulizia tu hakina adabu, leo jani, kesho mwenye jani. Yeye na mkewe waling'oa kwa mikono, polepole, wakiimba na kugombana, na kila mwaka wakawa wa mwisho kuvuna. Watu walimwona mvivu mwenye maneno mengi. Ukweli ni kwamba alikuwa na maneno mengi, lakini mvivu hakuwa.

Somoe naye aliianza kazi hii kwenye mikorosho. Alikuwa bado msichana alipobeba kwa mara ya kwanza mashine ya kupulizia salfa, ile yenye injini inayonguruma mgongoni mpaka meno yanagongana. Wanaume walikaa pembeni wakisubiri aanguke. Hakuanguka. Alimaliza shamba zima akiwa mweupe kwa vumbi la salfa kuanzia nyusi hadi vidole, akatua mashine, akauliza kama kuna shamba jingine. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka tena, na wakulima wa mpunga walipoanza kutumia viuagugu, hawakutafuta mtu mwingine.

Alikuwa na njia zake. Mpiga dawa akikimbia, dawa inapungua. Akijikokota, dawa inazidi na mpunga wenyewe unaungua. Somoe aliipima hatua yake kwa mdundo wa ngoma ya unyago, aliouvuma chini kwa chini nyuma ya barakoa, hatua moja kwa kila pigo, kutoka tuta hadi tuta. Tundu la bomba alilisafisha kwa unyoya wa kuku. Dawa alipimia mbele ya mwenye shamba, na chupa tupu aliirudisha mkononi mwa mwenye shamba. Hakuwa na shamba kubwa wala mume mwenye cheo. Alikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa safi.

Halafu ukaja msimu ambao magugu ya Rashidi yalikataa kufa.

Rashidi alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa bondeni, mtu wa haki lakini mwepesi wa hasira, na shamba lake ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Gugu lililomsumbua ni lile linalofanana na mpunga kama ndugu. Watu wa bondeni wanaliita binamu, kwa sababu linaingia bila hodi, lina sura ya wenye nyumba, na linakula kuliko wenye nyumba. Mpaka ulichungulie kwa karibu: pale jani linapokutana na shina, mpunga una kijingozi cheupe, binamu hana kitu.

Somoe alipiga dawa kama miaka yote. Wiki mbili zikapita. Binamu amesimama. Rashidi akanunua dawa nyingine, Somoe akarudia. Safari hii mpunga wenyewe ukabadilika rangi kidogo kwa uchungu wa dawa, lakini binamu alisimama vilevile, tena ananawiri kama mtu aliyetoka likizo. Kwenye mashamba ya jirani nako vikaonekana vishada, kimoja hapa, kingine pale.

Rashidi alisimama kwenye tuta, mikono kiunoni, mishipa ya shingo imemtoka.

"Somoe, hii ni dawa au ni maji?"

"Ni dawa, Mwenyekiti. Umeifungua mwenyewe."

"Nimeifungua, ndiyo. Lakini sikukufuata mpaka mwisho wa shamba."

Hapo ndipo mtu mmoja, jina lake halina faida, akakumbuka. Si Idrisa kila siku anasema bomba lile ni maji ya Ruvuma? Si anasema dawa inavushwa? Maneno yale yale yaliyochekesha miaka nenda rudi yakaokotwa kutoka kwenye matuta, yakafutwa vumbi, yakabebwa mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambako kila mtu hupita. Kufikia Ijumaa yalikuwa ushahidi. Idrisa alijaribu kusema, "Jamani, ule ni utani!" Wakamjibu kwamba asiogope, wanajua anamhurumia mtani wake. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumwamini. Maskini Idrisa, maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwamini kwa lolote, na sasa walimwamini siku moja tu, tena kwa uongo.

Rashidi akatangaza kwamba kikundi kitakaa, na kikao kitamchagua mpiga dawa mwingine. Hakutamka neno mwizi. Halikuhitaji kutamkwa.

Lakini hicho sicho kilichomvunja Somoe. Kilichomvunja kilikuwa kesho yake asubuhi, alipopita kwenye tuta kuu bila bomba, akienda tu kuangalia. Idrisa alikuwa shambani. Alimwona, akainua kichwa, akafungua mdomo. Somoe akajiandaa. Akasubiri kuitwa mwizi.

"Dada Somoe," alisema Idrisa kwa sauti ndogo, macho chini. "Habari za asubuhi? Nyumbani hawajambo?"

Mtani akianza kukusalimia kwa adabu, ujue umeshazikwa na watu wameshatawanyika. Alijibu salamu, akajikaza, akatembea mpaka alipopita kichaka cha matete, na hapo akalia kwa hasira, akiyapiga mateke matete ya watu.

Alipomaliza kulia akaingia kwenye shamba la Rashidi. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuwatazama hao binamu waliomwangusha, uso kwa uso. Akainama kwenye tope, akamtenganisha binamu mmoja na mpunga, akatazama chini yake.

Chini ya binamu palikuwa na ndago, gugu la aina nyingine. Ndago aliyekufa. Amelala kwenye tope, kahawia, amekauka kama kamba ya zamani. Akasogea. Ndago mwingine, amekufa. Gugu la majani mapana, limekufa. Dawa ile iliua magugu ya kila namna, na Somoe aliijua hivyo. Aliyekuwa hai shamba zima ni mmoja tu.

"Sasa maji," alisema kwa sauti, peke yake, "maji yamewauaje hawa?"

Akatoka shambani mbiombio, tope mpaka magotini, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kijiji, ambako pikipiki ya Magreth ilikuwa imeegeshwa.

Magreth alikuwa afisa ugani, msichana wa Kyela aliyekulia kwenye mpunga, akasoma kilimo chuoni, akapangiwa kazi Mtwara ambako hakuwa na ndugu hata mmoja. Kijiji kilimwita Bibi Shamba, ingawa hakuwa na umri wa kuitwa bibi wa chochote. Alimsikiliza Somoe, akavaa mabuti, wakaenda. Bondeni alipiga magoti kwenye tope lile lile. Akatazama ndago aliyekufa. Akamtazama binamu aliyesimama. Akaenda hatua kadhaa, akatazama tena. Halafu akapiga yowe hata kongoti wakaruka.

"Usugu! Mungu wangu, dada Somoe, huu ni usugu!"

"Ni nini hicho?"

"Hawa wamekuwa sugu! Dawa haiwawezi!" Alikuwa ameushika mkono wa Somoe kwa mikono yake miwili yenye tope, anautikisa. "Sikiliza. Tuseme kwenye shamba kuna binamu elfu. Elfu wote dawa inawaua, ila mmoja amezaliwa tofauti, haimpati. Unapiga dawa, wenzake wanakufa, yeye anabaki na nafasi yote. Anazaa. Mwaka unaofuata unapiga dawa ile ile, wanakufa wengine, watoto wake wanabaki. Mwaka mwingine ile ile tena. Mwishowe shamba zima ni ukoo wake!"

Somoe akauliza, "Na sisi tumepiga ile ile tangu lini?"

"Tangu sijafika hapa," alisema Magreth. "Na nilipofika nikawaambia endeleeni nayo, ni nzuri. Nilifundishwa darasani, nikajibu mtihani, nikapata. Kwa macho yangu sijawahi kuuona mpaka leo."

Wakatazamana, wanawake wawili wenye tope mpaka mapajani, wakaanza kucheka. Ilikuwa habari mbaya kuliko wizi, kwa shamba. Lakini kwa Somoe ilikuwa kama mtu kamfungulia dirisha.

"Rashidi hatakubali maneno," alisema.

"Basi tusimwambie maneno. Tumwonyeshe."

Magreth akaeleza. Wang'oe binamu wachanga kutoka shamba la Rashidi, wawapande kwenye madumu. Wang'oe na wengine kutoka mahali ambapo dawa haijawahi kugusa, wawapande kwenye madumu mengine. Wakishika mizizi na kutoa majani mapya, wapigwe dawa ile ile, siku ile ile, bomba lile lile. Kama ni maji, wote watapona. Kama mkono wa Somoe ni mbovu, wote watapona. Lakini kama wa Rashidi watapona na hao wengine wakafa...

"Mahali ambapo dawa haijawahi kugusa," Somoe alirudia taratibu. Bonde lote lilikuwa na shamba moja tu la namna hiyo.

Kwenda kwa Idrisa kulikuwa kugumu kuliko kubeba ile mashine ya salfa. Alimkuta ameketi kwenye tuta anakula muhogo wa kuchemsha.

"Nimekuja kukuomba magugu," alisema Somoe.

Idrisa akaacha kutafuna. Kwa umri wake wote hakuna binadamu aliyewahi kuja kumwomba magugu, na mtu yeyote angeona jinsi utani ulivyompanda kifuani, ukafika kooni, ukamtekenya midomo. Mashavu yalimtetemeka. Lakini akaumeza, pamoja na muhogo.

"Chukua, dada," alisema kwa upole. "Chukua unayotaka."

Somoe alitamani kumpiga kibao. Akang'oa magugu, akashukuru, akaondoka.

Rashidi aliposikia habari ya madumu alikasirika kwanza, kisha akatega sikio. Nimesema alikuwa mtu wa haki. Alikubali kikao kisubiri, lakini akaweka masharti yake. Madumu yakae kwenye baraza ya mashine ya kukoboa, mbele ya kila mtu. Dawa ainunue yeye. Maji yachotwe na mkewe, Salma. Alipanda bodaboda mpaka Mtwara mjini kwenye duka la pembejeo, akarudi na chupa imebanwa kwapani, na kuna watu wanaosema hata alipotawadha hakuiweka chini.

"Nami nina sharti langu," alisema Somoe mbele ya watu. "Bomba nitalishika mimi. Unaweza kumpa mtu mwingine, Mwenyekiti, lakini mshtakiwa hapa ni mkono wangu, nao uwepo kwenye kesi."

Watu walipiga makofi. Rashidi hakupiga, ila alikohoa.

Yalikuwa madumu manne ya mafuta ya kula yaliyokatwa nusu, na majina yameandikwa kwa mkaa: mawili ya Rashidi, mawili ya Idrisa. Moja la kila upande lingepigwa dawa, jingine lingebaki hivihivi, ili asije mtu akasema ni jua au ni udongo. Siku ya kupiga dawa, uwanja wa mashine ulijaa kama siku ya maulidi. Mwenye mashine akazima injini. Rashidi akavunja mfuniko wa chupa kwa mikono yake, akawanusisha watu watatu, akapima. Salma akamimina maji. Madumu mawili yakatolewa uwanjani, Somoe akabeba bomba, akavuta pumzi. Watu wote kimya. Katikati ya kimya hicho wakausikia ule mdundo wa unyago nyuma ya barakoa, taratibu, hatua kwa hatua, na akina mama wakaanza kutabasamu bila kutaka. Akapita mara moja tu. Dawa ikatua kwenye majani kama umande.

Alikuwa hajalitua bomba, ngurumo ikapiga upande wa bahari.

"Mvua!" alipiga kelele Magreth. "Ikinyesha sasa itaosha dawa, tumekwisha!"

Haijawahi kuonekana vurugu kama ile kwenye ile mashine. Matone makubwa yakaanza kudondoka. Watu wakayarukia madumu, huyu anavuta huku, yule anavuta kule, mwingine anapiga kelele msiguse majani, shikeni chini. Baraza nayo ilikuwa imejaa magunia ya mpunga wa watu. Na nani aliyevua koti lake, akalitandaza juu ya dumu lililoandikwa jina la Idrisa, akasimama kwenye mvua analowa mpaka mifupa, anafoka, "Leteni mwavuli! Mnangoja nini, leteni mwavuli!" Alikuwa Rashidi. Mkewe alipomcheka, ndipo akagundua anachofanya, akatazama koti lake juu ya magugu.

"Nataka kujua," alisema kwa hasira. "Mtu haruhusiwi kutaka kujua?"

Kikaja kipindi cha kungoja. Watu waligawanyika. Wako waliokuwa upande wa binamu wa Rashidi, wako waliokuwa upande wa binamu wa Idrisa, na mtu aliyekuja kukoboa debe moja la mpunga alikaa nusu siku akijadili rangi ya jani. Hata dereva wa gari la maji linalokwenda kiwanda cha gesi cha Madimba alisimama, akashuka, akauliza kuna nini, akaelezwa, na jioni akasimama tena kuuliza matokeo. Hakukuwa na matokeo. Madumu yote manne yalikuwa kijani kibichi.

Siku ikapita, na nyingine. Kijani. Minong'ono ikaanza upya. Si tulisema? Maji yale. Magreth alieleza mpaka sauti ikamkauka kwamba dawa hii ni ya polepole, inazuia kwanza jani kukua, kufa kunakuja baadaye. Somoe alijua hivyo kuliko mtu yeyote, ameyaona mashamba yakifa miaka yote. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kupita mbele ya watu wanaonyamaza ukipita ni kitu kingine. Akaacha kwenda mashineni. Alikaa nyumbani, akalifungua bomba lote, akalisafisha kila kipande kwa unyoya, akalifunga, akalifungua tena. Alijiambia kwamba wakifa atarudi kazini, na wasipokufa ataliuza bomba, aende kwa dada yake Mikindani akauze maandazi. Alichukia maandazi.

Alikuwa amelifungua tena asubuhi moja aliposikia vigelegele.

Vilitoka upande wa mashine. Kwanza kimoja, kirefu, halafu vingi. Akasimama, unyoya mkononi. Kelele za watu zikafuata, na juu ya kelele zote sauti ya Salma, mke wa Rashidi, mwanamke mpole ambaye hajawahi kusikika akipiga kelele hata siku ya harusi yake.

"Wanakufa! Njooni muone! Wanakufa hawa, na wa kwetu wazima!"

Somoe alikimbia. Alikimbia bila viatu, kanga moja, akaruka mfereji ambao siku zote huuzunguka, akawapita mbuzi, akawapita watoto wa shule, akafika uwanjani pumzi imekatika. Watu wakampisha. Akapiga magoti mbele ya madumu.

Binamu wa Idrisa waliopigwa dawa walikuwa wamegeuka njano, ncha zimekauka, mioyo yao imeoza. Ukigusa jani la katikati linatoka lenyewe. Wenzao ambao hawakupigwa walisimama vizuri. Na hapo pembeni, bomba lile lile, chupa ile ile, mkono ule ule, binamu wa Rashidi waliopigwa dawa walikuwa kijani, wana majani mapya, wamenona. Mmoja alikuwa ameanza kutoa suke.

"Alhamdulillahi," alisema Somoe.

Magreth alikuwa akirukaruka uwanjani kama mtoto, anakumbatia watu asiowajua. Mwenye mashine aliwasha injini bila sababu yoyote. Mtu akaanza kumwimba Somoe, akina mama wakaitikia. Ndipo Rashidi akaja. Alichuchumaa, akayatazama madumu yote manne, moja baada ya jingine, bila haraka. Akavuta jani la dumu la Idrisa, likang'oka. Akavuta la kwake, likagoma.

Akasimama, akavua kofia.

"Somoe, nimekukosea. Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nasema. Dawa ilikuwa dawa, na mkono ulikuwa mkono."

"Yamekwisha, Mwenyekiti."

"Hayajaisha," alisema Rashidi, na akawageukia watu wote, uso umembadilika. "Huyu anatoa suke. Shamba langu zima linatoa suke. Bibi Shamba, mbegu hizi zikidondoka?"

"Mwakani bonde zima litakuwa hivi," alisema Magreth. "Dawa hii haitatusaidia tena. Tutabadilisha aina, tutabadilisha na namna ya kulima. Lakini hawa wa mwaka huu hawana dawa. Ni kung'oa, tena sasa, kabla mbegu haijakomaa."

Somoe alikuwa bado amepiga magoti. Alimtazama yule binamu mwenye suke, na ikamjia kwamba huyu amelelewa na mdundo wake mwenyewe wa unyago, mwaka baada ya mwaka, hatua kwa hatua. Mkono wake ulikuwa hodari kiasi cha kubakiza wasiokufa tu. Alitaka kucheka na hakujua kama inafaa.

"Kesho asubuhi," alisema akiinuka. "Kila mtu na mikono yake. Tunaanza na kwa Mwenyekiti."

Asubuhi bonde lilijaa. Wake kwa waume walijipanga mstari mmoja kwenye shamba la Rashidi, wameinama, wanachungulia kijingozi cheupe, wanang'oa, wanajaza magunia. Idrisa na mkewe walikuwa katikati wanawafundisha wenzao, kwa sababu hakuna aliyejua kung'oa kama wao, na Idrisa alikuwa amevaa shati jeupe kabisa kwa heshima ya cheo hicho kipya. Somoe alichelewa kidogo. Alikuja kwenye tuta kuu, mabuti miguuni, mtandio umefungwa, mgongo mtupu bila bomba. Watu walipomwona, wakaanza kunyamaza, mmoja baada ya mwingine, ile heshima ya kumwonea mtu aibu kwa ulichomtendea. Mstari mzima ukawa kimya. Somoe akapunguza mwendo. Kimya hiki hakukitaka pia.

Katikati ya mstari Idrisa akainuka. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono mdomoni.

"Mwizi huyo anapita!" sauti ikavuka mto. "Ficheni kuku! Kashaiba dawa yote, sasa kaja kuiba na magugu!"

Kisha bonde zima likalipuka kwa kicheko, watu wakaegemea magunia, Rashidi akashika mbavu, Salma akajifunika uso kwa kanga. Somoe alicheka mpaka machozi yakamtiririka, na hakuyafuta. Aliinama ukingoni mwa tuta, akachota bonge la tope, akalifinyanga vizuri kwa viganja viwili, akalenga, akampata Idrisa katikati ya lile shati jeupe.